Kifaa cha USB Kiko Bize, Nani Kakishika?

Haya jamani, tuanze. Swali ninaloulizwa kila kona ni hili: nitajuaje kama kifaa cha USB kinatumiwa na programu nyingine kabla sijakigusa? Na jibu langu ni lile lile, usiulize, fungua ujaribu kukishika. Ukifanikiwa ni chako, ukikataliwa soma namba ya kosa. Kwenye libusb, maktaba ambayo programu huitumia kuongea na USB, -3 ni huna ruhusa, -4 kimechomolewa, -6 kiko bize. Maana ukiuliza kwanza ukaambiwa kiko huru, halafu ndo uende kukishika, hapo katikati programu nyingine ishaingia na wewe bado unashikilia jibu lililopitwa na wakati.

Watu wananiletea lsusb, ile amri ya Linux ya kuorodhesha vifaa vya USB, eti kifaa si kipo kwenye orodha? Orodha ile inakwambia kimechomekwa, basi. Andika lsusb -t, hapo utaona draiva, yaani programu ya mfumo inayoendesha kifaa, ya kila intafesi, yaani kila sehemu ya kifaa yenye kazi yake. Na hapa ndo penye kiini, sikilizeni vizuri: USB haishikwi kifaa kizima, inashikwa intafesi kwa intafesi. Chukua kamera yenye maiki ndani. Kifaa kimoja, waya mmoja, lakini intafesi za video ziko kwa uvcvideo na za sauti ziko kwa snd-usb-audio, programu moja inarekodi sauti huku nyingine inachukua picha na hakuna anayemgusa mwenzake. Sasa ukiniuliza kamera iko bize, nikujibu nini? Tena hata upande wa video peke yake, kwenye Linux programu mbili zinaweza kufungua /dev/video0 kwa pamoja, ruksa kabisa, ugomvi unaanza pale ya pili inapotaka kuanza kuvuta picha, ndo inapigwa EBUSY, kosa la "kiko bize". Kufunguliwa ni kitu kimoja, kutumika ni kingine!

Na mara nyingi aliyekishika wala si programu. Wale wa RTL2832U, zile dongo za TV za USB zinazogeuzwa redio za kompyuta, mnaijua hii, unachomeka, unawasha programu yako, unakutana na usb_claim_interface error -6. Mtu anahangaika na lsof, amri ya kuonyesha programu gani imefungua faili gani, usiku kucha anatafuta programu iliyojificha, kumbe draiva ya kerneli, yaani kiini cha Linux chenyewe, dvb_usb_rtl28xxu, imeshakiwahi ikidhani ni cha kuangalizia TV. Lsof haina cha kukuonyesha hapo. Lsusb -t inakutajia jina la draiva palepale, na ukiona imeandika usbfs ndo ujue kuna programu ya kawaida imekishika, hapo sasa lsof ina kazi.

Najua kuna mtu anataka kusema, mbona Arduino, ile bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki, ukiifungua tu inajiwasha upya? Kweli. Arduino Uno ukifungua porti yake, DTR, moja ya laini za ishara za porti ya siriali, inabadilika na bodi inaanza moja, kama ilikuwa katikati ya kazi umeshaivuruga. Hapo nakubali, tanguliza fuser /dev/ttyACM0, amri ya kuonyesha nani ameifungua porti hiyo, na uiendeshe kwa sudo, maana mtumiaji wa kawaida haonyeshwi faili za michakato ya wengine, atapata kimya aseme porti iko huru. Halafu porti za siriali kwenye Linux hazikatai mtu wa pili! Programu mbili zinafungua porti moja, mfano ttyUSB0, kila moja inaokota baiti zake, data inakuja vipandevipande na lawama zote kwa waya. Kama unaandika programu weka TIOCEXCL, agizo la kuzuia wengine wasiifungue, ukishafungua, tafadhali.

Windows haraka haraka. Porti ya COM ni ya mmoja tu, wa pili anapata kosa namba 5, la kunyimwa ruhusa, na watu wanakimbilia kuiwasha kama msimamizi wakati tatizo ni programu nyingine imekaa pale. Fleshi ikigoma kutoka, fungua Event Viewer, kitabu cha kumbukumbu za matukio ya Windows, tafuta Kernel-PnP tukio 225, jina la programu inayozuia liko humo pamoja na namba ya mchakato.

Mac leo haitawezekana, muda umeisha. Ila nyie mnaoandika programu, ule ujumbe wa "kifaa hakijapatikana" wakati kifaa kipo na kimeshikwa, uondoeni. Mtu anaenda kununua kebo mpya kwa ajili ya sentensi yenu.