Waya Ameshuka, au Waya Umeshuka?

ODHIS: Kabla hujaniuliza: ndiyo, nilienda kumpokea Waya na ile Golf yangu niliyoishusha.

MWENDE: Mimi sikuuliza. Watu ndio wanauliza. Tangu uweke ile picha ya Waya akitembea kando ya gari lako na wewe umo ndani unaendesha, simu yangu haijapumua.

ODHIS: Acha nieleze. Waya ametoka Siaya na basi la usiku, nikampokea Machakos Country Bus saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ana mifuko miwili, nusu gunia la mihogo, na jogoo. Jogoo hai. Dada yangu kakaa mbele, Waya nyuma na jogoo wake mapajani. Jogoo Road tukapita vizuri tu...

MWENDE: Bila shaka, yuko kwao.

ODHIS: ...tukaingia mtaani. Tuta la kwanza, kwaruuu.

MWENDE: Tumbo la gari.

ODHIS: Tumbo zima. La pili nikaliendea mshazari, unajua ule mtindo wetu. Kwaruuu. Waya akasema, "Simamisha." Akampa dada jogoo, akashuka, akavuka tuta kwa miguu, akanisubiri ng'ambo.

MWENDE: Mpaka kwako kuna matuta mangapi?

ODHIS: Tisa. Alishuka sita, mawili yamelika. Kufika la tano ameshajuana na mama mboga na sukuma kanunua. La sita, askari wa geti anamsalimia kwa jina. Anarudi ndani ananiuliza, "Odhis, hii gari ulinunua nusu?"

[Kicheko]

MWENDE: Ngoja kwanza. Kuna mtu anatusikiliza Mombasa, hajui Kijaluo. Anasikia waya ameshuka njiani, anafikiri ni mambo ya umeme.

ODHIS: Waya ni shangazi. Dada ya baba.

MWENDE: Basi Waya ameshuka, hiyo ni familia. Waya umeshuka, muite fundi.

ODHIS: Na siku hiyo yote mawili yangewezekana. Kuna kitu kinaning'inia huko chini hata sasa.

MWENDE: Haya. Leo tulipanga mambo matano ya kuangalia ukinunua shoki, zile bomba za kuzuia gari lisidundedunde, za gari lililoshushwa ambalo unalitumia kila siku. Nimeyaandika hapa. Odhis, ulifanya nini na gari lako? Jibu mbele ya watu.

ODHIS: Niliweka springi fupi. Limeshuka sentimita tatu tu.

MWENDE: Na shoki?

ODHIS: Zilezile za kiwandani.

MWENDE: Hizo sentimita tatu zimetoka wapi? Si zimetoka kwenye nafasi ya shoki kuingia ndani? Ule mti wa shoki, ile fimbo inayoingia na kutoka, ulikuwa na safari yake, sasa gari likiwa limesimama tu tayari umeshakula sehemu kubwa ya safari. Jumapili nimekuja kwako, tumeinua ule mfuko wa kuzuia vumbi, nikafunga tai ya plastiki kwenye mti wa shoki ya mbele, ituonyeshe unaingia hadi wapi...

ODHIS: Tai ya kufungia waya.

MWENDE: Usianze. Tukazunguka mtaa mara moja, sisi wawili tu, bila abiria wala mihogo. Kurudi tunakuta nini?

ODHIS: Imesukumwa juu mpaka imebanwa kwenye raba.

MWENDE: Imebanwa na imebonyea! Ile raba imewekwa pale iokoe shoki siku moja moja, umeangukia shimo usiloliona. Wewe unaitembelea kutoka nyumbani hadi kazini. Halafu unasema gari ni gumu. Si gumu, linagota. Na springi kama hizo mara nyingi zinakuja na maelezo: kata raba kipimo fulani, au weka fupi. Fundi wako alikata?

ODHIS: Alikata bei.

[Kicheko]

MWENDE: Haya.

ODHIS: Lakini si nimekubali kubadilisha? Nimeshachagua. Shoki za Koni Special Active.

MWENDE: Hapana.

ODHIS: Hata sijaeleza! Jamani, sikilizeni. Ile ina vali inayotofautisha mitikisiko. Tetemeko dogo la harakaharaka, lami iliyochakaa, changarawe, inafungulia mafuta njia ya ziada, shoki inalainika. Mwendo mkubwa wa polepole, gari likilala kwenye kona, ile njia inafungwa, shoki inakaza. Hakuna kitu cha kuzungusha wala kurekebisha. Na hao watu walianza mwaka 1857 wakitengeneza vifaa vya farasi, kwa hiyo kubeba Waya si jambo geni kwao.

MWENDE: Waya angependelea farasi. Odhis, ile shoki ni nzuri, sibishi. Lakini ni ya gari lenye kimo cha kiwandani, au lililoshushwa kidogo.

ODHIS: Sentimita tatu ni kidogo.

MWENDE: Kwenye karatasi. Ukiweka watu wanne na jogoo, si kidogo tena. Shoki ya Bilstein B8 imefupishwa makusudi kwa magari yaliyoshushwa. Inakurudishia nafasi yako ya kuingia ndani. Nafasi kwanza, vali baadaye. Vali haina akili ya kukusaidia ukiwa umeshagota.

ODHIS: Nimepanda gari lenye B8. Outering, ile sehemu ya viraka. Nilihesabu viraka kwa makalio.

MWENDE: Gari la nani?

ODHIS: La yule jamaa wetu, unamjua.

MWENDE: Lile lenye rimu za inchi 18 na tairi nyembamba kama chapati? Hapo ulikuwa unahukumu shoki au tairi?

ODHIS: Nahukumu mgongo wangu.

MWENDE: B8 ni bomba moja, gesi ya naitrojeni iko chini ya shinikizo kubwa, ni kweli utasikia vikokoto. Lakini kwenye tuta gari linapanda mara moja na kutua mara moja. Limemaliza. Halidundi mara tatu kama kitanda cha hosteli.

ODHIS: Mimi kila siku natembea kwenye vikokoto, matuta ni tisa tu. Hesabu mwenyewe dakika zangu barabarani. Ninaumia wapi zaidi?

MWENDE: Tuta moja unalogota linakupasulia maunti, kile kishikio cha shoki kule juu, na beringi yake. Vikokoto havijawahi kumshusha Waya.

ODHIS: Nitakata raba, niweke Koni.

MWENDE: Utakata raba, ugote chuma kwa chuma.

ODHIS: Si hivyo, nakata kipimo walichosema wenye springi...

MWENDE: Au rudisha springi za kiwandani, weka shoki za KYB Excel-G za kawaida, bei nafuu, laini, uishi kama binadamu.

ODHIS: Mwende, ningetaka hivyo ningenunua Probox.

MWENDE: Waya anasemaje?

ODHIS: ...Anasema ninunue Probox.

[Kimya]

MWENDE: Mimi sibadilishi. B8.

ODHIS: Nami Koni. Na hela ni zangu.

MWENDE: Hela ni zako, lakini ukipiga simu ukiwa umekwama tuta la nne, anayekuja ni mimi.

ODHIS: Utakuja na tai za waya?

MWENDE: Nimechoka na wewe. Tuna muda gani? Naona wenye studio wanachungulia mlangoni. Dakika mbili? Na bado tuko jambo la kwanza!

ODHIS: Soma mengine haraka.

MWENDE: Haiwezekani. Moja tu, kwa sababu huyu atanunua vibaya: Golf ya kizazi cha tano ina shoki za mbele za vipenyo viwili, gari hili milimita 50, lile milimita 55. Kabla ya kutoa hata shilingi kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, pima zako. Usimwambie muuzaji "ya Golf" halafu ukaondoka na boksi.

ODHIS: Nilipima jana. Hamsini na tano.

MWENDE: Kwa nini?

ODHIS: Ulinitisha.

MWENDE: Umeona. Nyingine: fundi akishafunga kila kitu, zile bolti za bushi, yaani raba za mikono ya chini inayoshika magurudumu, azikaze gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake, si likiwa juu kwenye jeki miguu inaning'inia. Akikaza juu, bushi inakaa imejipinda siku zote, gari linakuwa gumu, utalaumu shoki, utanilaumu mimi.

ODHIS: Nitakulaumu hata hivyo.

MWENDE: La nne na la tano... wanagonga. Tunatoka, tunatoka, jamani! Waya anarudi lini?

ODHIS: Ijumaa, basi la usiku.

MWENDE: Unampeleka steji na Golf?

ODHIS: Tumeshapanga. Atatangulia kwa miguu mpaka tuta la mwisho, nimkute hapo.