Mwalimu Aliyetoka Runingani Hadi Ikulu

Ndugu zangu, mmeniuliza kama tamthilia za runinga kuhusu wanasiasa ni propaganda. Nitajibu kwa tamthilia moja tu ya Ukraine, Mtumishi wa Watu, iliyoanza kurushwa Novemba 2015.

Sehemu ya kwanza inaanza na mwalimu wa historia, Vasyl Holoborodko, mtu mzima anayeishi kwa wazazi wake. Somo likiendelea, wanafunzi wake wanatolewa darasani wakaunde vibanda vya kupigia kura. Mwalimu anapandwa na hasira, anawaporomoshea matusi wakubwa wote wa nchi, na kijana mmoja anamrekodi kwa simu kupitia dirishani. Video inasambaa. Kisha asubuhi moja waziri mkuu anabisha hodi pale nyumbani, na mwalimu, aliyekuwa akihangaika kuwahi kazini, anaamkiwa kama rais mteule. Ikulu anakwenda kwa baiskeli.

Nilimpenda mwalimu yule. Naamini wengi wenu mngempenda.

Sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 2018 chama halisi kikaandikishwa kwa jina lilelile la tamthilia. Usiku wa kuamkia mwaka 2019 mwigizaji wa mwalimu yule, Volodymyr Zelensky, akatangaza kugombea urais kupitia kituo cha 1+1, kilekile kilichokuwa kikirusha tamthilia. Mmiliki mkuu wa kituo, tajiri Ihor Kolomoisky, alikuwa na ugomvi na Rais Poroshenko, kwani benki yake, PrivatBank, ilitaifishwa mwishoni mwa 2016. Msimu wa tatu ukaanza kuonyeshwa tarehe 27 Machi 2019. Kura ya duru ya kwanza ilikuwa tarehe 31. Katika duru ya pili, dhidi ya Poroshenko, Zelensky alipata asilimia 73.

Waandishi wa tamthilia siwalaumu. Rushwa waliyoionyesha Waukraine walikuwa wakiishi nayo kila siku, na mwaka 2015 kicheko kile kilikuwa haki yao. Lakini hadithi ileile, ikirushwa siku nne kabla ya kura huku mhusika mkuu ndiye mgombea, kwangu ni kampeni. Tena ni kampeni ngumu kujikinga nayo. Gari la matangazo likipita mtaani unajua unaombwa kura, unasikiliza kwa tahadhari. Hapa umekaa sebuleni na wanao, unamcheka mwalimu, na moyo umeshafunguka. Poroshenko angeweza kuijibu ilani ya mpinzani wake. Baiskeli ya Holoborodko angeijibu vipi?

Kwa hiyo ninachowaomba mtazame ni vitu viwili: kituo ni cha nani, na ratiba imepangwa lini. Na sheria zetu za uchaguzi ziihesabu tamthilia anayoigiza mgombea kuwa muda wake wa kampeni, dakika kwa dakika, tangu siku anapochukua fomu.