Kwa nini Mungu aliwakasirikia waliomtetea

ZUHURA: Karibuni tena barazani. Mimi ni Zuhura, na Mwalimu Gervas yuko hapa pembeni yangu na vitabu vyake. Leo ni tatizo la uovu. Mungu ni mwema, Mungu ana uwezo wote, halafu mabaya yamejaa. Inakuwaje? Mwalimu, kabla hujafungua kitabu, naomba nianze na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria.

GERVAS: Kivuko.

ZUHURA: Kivuko. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere inatoka Bugolora kwenda Ukara. Uwezo wake ni watu 101. Ikapinduka imeshakaribia gati la Bwisya, na waliokufa wakazidi 220. Siku mbili baadaye wapiga mbizi wakamtoa fundi mmoja akiwa hai, alikuwa amebanwa mahali ambapo hewa ilibaki. Nchi nzima tukasema "Mungu mkubwa". Na mimi nilisema, tena kwa sauti. Swali langu ni la wale wengine. Huyu ameokolewa na Mungu, wale wamefanywa nini na nani?

GERVAS: Hilo ndilo swali lenyewe, na huwezi kuliuliza kanisani siku ya ushuhuda. Mtu anasimama mbele anasema basi lilipinduka, wote wakafa, Bwana akaninusuru mimi. Watu wanapiga makofi. Kwenye benchi la nyuma amekaa mjane wa mmoja wa wale wote.

ZUHURA: Na yeye anapiga makofi.

GERVAS: Atafanyaje? Sasa, kwa wasikilizaji wanaotaka kujua falsafa inasemaje: swali hili wanalinasibisha na Epicurus, Mgiriki. Mungu anataka kuuondoa uovu ila hawezi? Basi si mwenye nguvu. Anaweza ila hataki? Basi si mwema. Anataka na anaweza? Basi huu tunaouona umetoka wapi? Mwanafalsafa David Hume akalirudia kwenye kitabu kilichotoka 1779, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Majibu yapo mengi. Agostino, yule askofu wa kale, anasema uovu unatokana na hiari ya viumbe, si kwa Mungu. Wengine wanasema ni shule, roho inakomazwa. Leibniz, mwaka 1710, anasema kati ya dunia zote ambazo Mungu angeweza kuziumba, hii ndiyo bora.

ZUHURA: Hii hii?

GERVAS: Hii hii. Ila usimcheke upesi, alikuwa mwanahisabati mkubwa. Hoja yake ni kwamba huwezi kunyofoa ubaya mmoja bila kugusa mengine yote.

ZUHURA: Simcheki. Ila hiari ya nani ilizamisha kivuko?

GERVAS: Hapo ndipo nakupinga, dada yangu. Hiari ilikuwepo pale, tena nyingi. Chombo cha watu 101 kikibeba zaidi ya mara mbili, hatuhitaji kumtafuta Mungu kwanza. Huo mjadala uliwahi kufanyika Ulaya. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, makanisa ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, yamejaa. Tetemeko likapiga. Watu wakakimbilia ufukweni, bahari ikawajia. Mishumaa na majiko yakawasha moto, mji ukaungua kwa siku kadhaa. Voltaire, mwandishi Mfaransa, akaandika shairi la hasira kuwauliza wale wa "dunia bora": Lisbon ilikuwa na dhambi gani kuliko Paris, ambako watu wanacheza dansi?

ZUHURA: Swali zuri.

GERVAS: Zuri sana. Lakini mwanafalsafa Rousseau akamwandikia barua mwaka uliofuata. Akamwambia, bwana, si maumbile yaliyojenga pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Watu wangekaa kwa kutawanyika, madhara yangekuwa madogo. Na wengine walikufa kwa kurudi kuchukua nguo na karatasi zao. Wakati huohuo padre mmoja Mjesuiti, Malagrida, anaandika kwamba chanzo ni dhambi, watu watubu. Waziri Pombal akamwondoa mjini, na ndiye aliyezitumia parokia maswali: tetemeko lilichukua muda gani, yalifuata mangapi, bahari ilipanda kwanza au ilishuka, wamekufa wangapi. Wataalamu wa matetemeko mpaka leo wanasoma majibu yale. Mimi nampenda Voltaire kwa maandishi, lakini siku ya msiba wa kitaifa nipe yale maswali ya Pombal.

ZUHURA: Sawa. Nimekuachia kivuko, na Lisbon nakuachia nusu. Sasa chukua mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hapo hakuna nahodha, hakuna mkata tiketi, hakuna aliyejenga ghorofa.

GERVAS: Umechagua vibaya kwa upande wako, maana huo ndio ugonjwa ambao Leibniz angeupenda. Mwenye kurithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na anapata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea kwetu, kwenye mbu. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Unaona? Ubaya umefungamana na uzuri, ukinyofoa huu unang'oa na ule.

ZUHURA: Yaani mtoto huyu analipia kinga ya watoto wa jirani.

GERVAS: Kwa hesabu, ndiyo.

ZUHURA: Nenda kamwambie mama yake wodini saa nane usiku, mtoto analia mifupa inamuuma. Mwambie "mama, kwa hesabu".

GERVAS: Siwezi kumwambia.

ZUHURA: Lakini hapa kwenye maikrofoni umeweza. Hilo ndilo linalonisumbua. Jibu gani hilo ambalo linasemeka mahali pote isipokuwa mbele ya mwenye tatizo?

GERVAS: Subiri. Kutosemeka wodini hakulifanyi kuwa uongo. Daktari naye hasomi takwimu za vifo kando ya kitanda.

ZUHURA: Daktari hamwambii mgonjwa kwamba takwimu zile zinampenda.

GERVAS: (anacheka) Haya. Endelea.

ZUHURA: Nina kisa kutoka upande wetu Waislamu. Kinasimuliwa kuhusu Abul-Hasan al-Ashari, Basra, karne ya kumi, akiwa mwanafunzi wa al-Jubbai, mkubwa wa Mutazila. Hao Mutazila walishikilia kwamba Mungu ni mwadilifu na akili inaweza kuuona uadilifu wake, kwamba anamtendea mja lililo na manufaa naye. Mwanafunzi akauliza: Sheikh, kulikuwa na ndugu watatu. Mmoja kafa mwema, mmoja kafa mwovu, mmoja kafa mtoto. Wako wapi? Sheikh akasema, mwema yuko peponi, mwovu motoni, mtoto hana thawabu wala adhabu. Mwanafunzi akasema, yule mtoto akiuliza, "Mola wangu, mbona hukuniacha nikue nifanye mema kama kaka?" Sheikh akajibu, ataambiwa, "Nilijua ungekua ungeasi, ungeingia motoni, kwa hiyo kufa mdogo kulikuwa heri kwako."

GERVAS: Jibu safi.

ZUHURA: Safi mpaka yule wa motoni alipoinua kichwa akaita, "Mola wangu! Na mimi ulijua. Mbona hukuniua mdogo?"

GERVAS: Duh.

ZUHURA: Sheikh akanyamaza. Inasemwa mwanafunzi akaondoka kwenye darasa lile, akaanzisha njia yake: Mungu hadaiwi maelezo na mtu, analolifanya ni haki kwa kuwa amelifanya yeye. Huku pwani wengi wetu kiitikadi ni Waashari, hata kama mtu sokoni hajui kwamba ni Mwashari.

GERVAS: Kumbe ile "kazi ya Mungu haina makosa" tunayoisema msibani...

ZUHURA: Ni hitimisho la Basra bila mjadala wa Basra. Wao walifika pale baada ya kumsikiliza yule ndugu wa motoni. Sisi tunaanza nayo, maiti haijatoka ndani, mfiwa hajafungua kinywa.

GERVAS: Na inafunika mengi. Ukishasema kazi ya Mungu, nani tena ataulizia idadi ya abiria?

ZUHURA: Tuingie kwa Ayubu, maana huyu ni wetu sote. Yuko kwenye Biblia, yuko kwenye Qurani, na wazee wa pwani wakamtungia utenzi.

GERVAS: Ayubu wa Biblia watu wanamjua juu na chini, katikati hawapajui. Kitabu kina sura 42. Mahubiri yanachukua ile ya 1, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", kisha yanaruka hadi ya 42 anaporudishiwa mali. Lakini kufika sura ya 3 tu Ayubu ameshailaani siku aliyozaliwa! Kutoka hapo ni ugomvi. Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja kumpa pole. Wanakaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hilo ndilo jema walilolifanya, na wangeliishia hapo wangekuwa watakatifu.

ZUHURA: Wakafungua midomo.

GERVAS: Wakaifungua. Elifazi anaanza kwa upole: ni nani aliyewahi kuangamia bila kosa? Bildadi hana upole. Anamwambia baba aliyezika watoto kumi kwa mpigo kwamba kama wanao walimkosea Mungu, basi wamevuna. Sofari anasema Mungu amekudai pungufu ya ulichostahili. Na Ayubu haombi msamaha. Anasema sina kosa, naomba kesi isikilizwe, huyu Mungu ananionea na hakuna wa kuamua kati yetu.

ZUHURA: Kwetu angeambiwa anakufuru.

GERVAS: Na kwetu. Na marafiki ndivyo walivyomwambia. Mwishoni Mungu anasema kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, na wala hajibu. Ndiye anauliza: ulikuwa wapi nilipoweka misingi ya dunia? Unajua mbuzi wa majabali wanazaa lini? Anamzungumzia mbuni, punda-mwitu, leviathani, lile dubwana la majini. Kuhusu wale watoto kumi, hakuna neno. Lakini sura ya 42, mstari wa 7, anamgeukia Elifazi: hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili, kwa kuwa hamkunena yaliyo sawa juu yangu kama mtumishi wangu Ayubu.

ZUHURA: Hebu rudia. Waliomtetea Mungu ndio wamekosea?

GERVAS: Waliomtetea ndio wamekosea, na aliyemshitaki ndiye aliyenena sawa. Sijawahi kusikia mhubiri akitulia kwenye mstari huo dakika mbili.

ZUHURA: Mimi nina tafsiri. Hao marafiki katika maneno yao yote, wamewahi kuzungumza na Mungu?

GERVAS: Hapana. Wanamzungumzia tu. Ayubu peke yake ndiye anayemgeukia na kumwambia wewe.

ZUHURA: Basi. Yeye ana kesi na mtu, wao wana mada. Sasa Ayubu wa Qurani ni mwingine. Hagombani. Sura ya Manabii anamwambia Mola wake maneno machache mno: hakika imenigusa dhara, nawe ni mwenye kurehemu zaidi ya wote wenye kurehemu. Hata haombi aponywe. Ndiyo maana ametajwa kwa subira. Lakini ona, hata hapo anasema imenigusa dhara. Hasemi ni neema iliyojificha. Subira si kukaa ukisema hakuna kinachouma.

GERVAS: Na mkewe? Wa kwetu ana sentensi moja: mkufuru Mungu, ukafe. Kisha hasemi tena kitabu kizima, na mapadre wa zamani wakamsema vibaya kwa karne nyingi.

ZUHURA: Kwenye visa vya mitume anaitwa Rehema, na ndiye aliyembeba. Wote wamekimbia, yeye anafanya vibarua kwenye nyumba za watu, mpaka anauza nywele zake apate mkate. Nami nina hasira kidogo hapo, nikiri. Maana wafasiri wanasema Ayubu aliapa atampiga fimbo mia kwa jambo alilolisema au kulifanya, na hata hawakubaliani ni jambo gani. Mungu ndiye akampunguzia: chukua kicha cha vijiti, piga nacho, usivunje kiapo. Qurani yenyewe haimtaji mke pale wala hiyo mia. Lakini visa vinamtaja, na mimi nikivisoma nauliza: wale watoto kumi ni wa baba peke yake?

GERVAS: Na yule wa Biblia alikuwa amezika haohao kumi alipotamka ile sentensi yake.

ZUHURA: Hakuna aliyekaa naye chini siku saba.

GERVAS: Hapana. Kuna hesabu nyingine inanisumbua. Mwisho wa kitabu mifugo inarudi maradufu: kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Watoto wanarudi idadi ileile, wavulana saba na wasichana watatu. Ufafanuzi wa zamani ni kwamba wale wa kwanza hawakupotea, wako kwa Mungu, kwa hiyo ukijumlisha ni maradufu.

ZUHURA: Kwetu aya inasema alipewa ahali zake na mfano wao pamoja nao. Wapo wafasiri waliosema ni watoto walewale, walifufuliwa. Wengine wakasema hapana, alizaa wengine. Mimi sina elimu ya kuamua, ila najua mama yeyote angechagua tafsiri ipi.

GERVAS: Nami najua ipi ni rahisi kuihubiri. "Ulipoteza, umerudishiwa." Kana kwamba mtoto ni ngamia. Lakini kuna kitu kidogo pale mwishoni. Wale wasichana watatu wametajwa majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, wavulana hawakutajwa. Na baba yao akawapa urithi pamoja na kaka zao, jambo ambalo halikuwa kawaida. Kitabu hakisemi kwa nini.

ZUHURA: Mama yao alidai.

GERVAS: Hakuna andiko.

ZUHURA: Hakuna andiko linalokataa pia. Wasikilizaji, wenye hoja za kumtetea Bildadi watutumie ujumbe, nitazisoma wiki ijayo, hata zile ndefu.