Kipindi cha 41: Mzungu wa masharubu na simu ya paka

KAZADI: Karibuni tena, watu wa Lushi, Lubumbashi yetu, na watu wa mbali. Leo mnisamehe sauti, nina vumbi mpaka kwenye ubongo.

MWANSA: Naona. Umeingia hapa kama umetoka shimoni Ruashi. Umefanya nini?

KAZADI: Ni kasha la mjomba, yaya, mkubwa wangu. Jumamosi tulikuwa tunamhamisha mama kutoka Katuba. Tunainua kitanda, chini yake kuna kasha la bati. Mjomba alihamia Likasi miaka mingi, akaliacha pale. Kufuli limeshikwa na kutu. Fundi akagonga mara moja tu, likafunguka.

MWANSA: Fundi nani?

KAZADI: Fundi ni mtu mwenye nyundo. Tuendelee.

MWANSA: Wasikilizaji, nyundo hiyo naijua. Iliwahi kufungua na friji yangu.

KAZADI: Ndani, yaya, kaye saba, madaftari ya shule. Jalada la bluu limepauka, panya wamekula kona moja ya kila kaye, kona ile ile, kama wamepimiana. Mjomba ameandika kila filamu aliyoona kwenye sine ya video ya mtaa, kule komine Kenya...

MWANSA: Kenya yetu, jamani, mtaa wa hapa Lushi, si ile ya Nairobi. Kila wiki kuna mtu Mombasa anatuandikia kuuliza.

KAZADI: Kenya yetu. Toka 1989 mpaka 1992. Filamu za ngumi, za ninja, za mamba wanaokula watu, za Bruce Lee baada ya Bruce Lee kufa. Lee amekufa Julai 1973, lakini mjomba ana waigaji wake: ana Bruce Li, ana Bruce Le, ana Dragon Lee, na kila mmoja amempa maksi. Biki, kalamu, ya bluu ni maelezo. Biki nyekundu ni hasira.

MWANSA: Hii ndiyo imetuletea mada ya leo, wapenzi. Mimi nimekuja na karatasi yangu, nimejiandaa: vijarida vya mashabiki, wale waliokuwa wakiandika kwa siri-siri kuhusu sinema za takataka, wanatoa fotokopi, wanatumiana kwa posta. Halafu mwishoni tuwape watu mambo matatu ya kuanza kijarida chao. Matatu, Kazadi. Nimeyaandika.

KAZADI: Tutafika. Kwanza nikusomee moja. Mjomba hana habari na vichwa vya filamu, anahesabu tu. Hii ni "Ninja 14". (anasoma) "Jumapili. Watu 31 pamoja na mtoto wa mlangoni. Umeme ulienda mara mbili. Mara ya kwanza tulingoja. Mara ya pili yule fundi redio, aliyeiona juzi, akasimama mbele akatusimulia mwisho. Mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko wa filamu."

MWANSA: Ee, bwana!

KAZADI: Ngoja. "Mzungu wa masharubu anapiga simu. Simu ni paka."

MWANSA: ...Simu ni nini?

KAZADI: Simu ni paka. Nukta. Mstari unaofuata anaendelea na mapigano.

MWANSA: (anacheka) Paka wa kweli? Anamshika mkia?

KAZADI: Mimi nikasema hapa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ndiyo iliandika. Usiku nikaanza kutafuta. Nimemaliza mega zangu zote za wiki. Nimeipata, yaya! Ni Ninja Terminator, ya mwaka 1985, ya Godfrey Ho wa Hong Kong. Mzungu ni Richard Harrison, Mmarekani, na masharubu anayo kweli. Amekaa kwake, na simu ya nyumbani ni ya plastiki, rangi ya machungwa, umbo la Garfield, yule paka wa katuni. Simu za namna hiyo ukiinua mkono, paka anafumbua macho. Ukiurudisha, anasinzia.

MWANSA: Na ninja anaongea mambo ya kufa na kupona humo?

KAZADI: Uso mkavu kabisa! Hatabasamu.

MWANSA: Bon. Tuendelee na mada, kabla...

KAZADI: Hujui bado kuhusu Ufaransa.

MWANSA: Ufaransa inaingiaje?

KAZADI: Kule Bretagne, pwani ya Finistère. Tangu miaka ya 1980 bahari ilikuwa inatapika simu za paka. Leo sikio, kesho mkono wa simu, keshokutwa uso mzima unakutazama kwenye mchanga. Zaidi ya miaka 30! Watu wanasafisha pwani, zinarudi. Mwaka 2019 ndipo walipopata mabaki ya kontena ndani ya pango, pango ambalo huingii mpaka maji yapwe sana. Mkulima mmoja wa pale ndiye aliyewaelekeza. Alikuwa analijua toka ujana wake.

MWANSA: Miaka 30 mtu anajua, ananyamaza?

KAZADI: Labda hawakumuuliza.

MWANSA: Hapana. Huyo ni mtu wa kwetu kabisa. Huyo angekuwa hapa Kamalondo angekwambia, "Mimi nilidhani mnajua."

KAZADI: "Nilidhani ni za kwenu."

MWANSA: (anacheka) Na wale wa pwani je, mtu anaokota simu asubuhi, anaweka sikioni: "Alo? Ninja?"

KAZADI: Sasa hapa ndipo nimekuja, na hapa si mchezo. Kwa nini mzungu yuko kwenye simu? Godfrey Ho na mwenzake Joseph Lai, mwenye kampuni, walikuwa wananunua filamu za Korea, za Thailand, za Taiwan, za Ufilipino, bei ya mtumba. Wanapiga picha kidogo za wazungu waliovaa nguo za ninja, wanazipachika katikati, wanabadilisha sauti zote, wanauza kama filamu mpya. Harrison mwenyewe alikuja kucheza chache tu, akajikuta yumo ndani ya nyingi, na hakufurahi hata kidogo. Sasa mzungu yuko katika filamu hii, mwenzake yuko katika filamu ya Korea. Wataongeaje?

MWANSA: Kwa simu.

KAZADI: Kwa simu ya paka! Paka ndiye daraja, yaya. Paka ndiye gundi. Sasa sikia mjomba, ukurasa wa pili, biki nyekundu, amepiga mistari miwili chini: "Mzungu na yule Mchina hawajakutana hata mara moja. Nafikiri hawajuani. Nafikiri ni filamu mbili." Lubumbashi, 1990. Hana gazeti la sinema, hana intaneti. Amekaa kwenye benchi lenye misumari, amewakamata!

MWANSA: Hapo nimevua kilemba.

KAZADI: Asante.

MWANSA: Kwa mjomba, si kwako. Na hilo ndilo ninalolipenda mimi katika vijarida vile. Kuna mtu aliitwa Bill Landis, New York. 1980 alianza Sleazoid Express, mwanzoni ni kama karatasi moja tu. Alikuwa anaingia sine za Mtaa wa 42, zile za bei ya chini, filamu za damu na uchi na ngumi. Hata kuendesha projekta aliwahi. Na alichoandika si filamu tu. Aliandika ukumbi: nani amelala, nani anavuta nini, nani anapigana nyuma, harufu. Magazeti makubwa yanasema "filamu mbaya" kwa mistari miwili, basi. Yeye amekaa mpaka taa ziwake. Sine zile leo hazipo, mtaa wamesafisha miaka ya 1990. Ukitaka kujua jioni moja mle ndani ilikuwaje, unarudi kwake. "Watu 31 pamoja na mtoto wa mlangoni" ni jambo lile lile.

KAZADI: Ndiyo maana nataka uzipige fotokopi. Kaye zote saba. Nakala 50, tunazigawa pale chuoni, kwenye jalada tunachora paka.

MWANSA: Kwenye mashine yangu? Haipiti.

KAZADI: Nalipa, yaya.

MWANSA: Si franka, Kazadi. Unataka wanafunzi wamcheke mzee.

KAZADI: Wacheke naye!

MWANSA: Naye yuko Likasi. Hayupo pale kucheka. Sikiliza, nimesoma wiki nzima mambo ya hawa mashabiki wa takataka, na kuna kitu kinanikaa kooni. Kucheka kwao kunatokea juu. "Ona hawa walivyoigiza vibaya, ona damu ya rangi." Sawa, cheka ninja. Lakini rafu ile ile ina filamu ya Waitaliano wawili, Jacopetti na Prosperi, Africa Addio, ya 1966. Walikuja hapa kwetu Kongo, 1964, pamoja na mamluki. Watu wanaouawa mle ndani hawaigizi. Mpaka kule Italia mwongozaji alichunguzwa kama alisababisha watu wauawe ili apate picha. Akaonekana hana hatia. Marekani wakaikata, wakaiita Africa Blood and Guts, wakaionyesha kwenye sine zile zile za ngumi na uchi. Na shabiki wa vijarida anaiweka kwenye orodha yake pamoja na mamba wa plastiki.

KAZADI: Wengi wao wameisema vibaya.

MWANSA: Kwanza wameikusanya.

KAZADI: Wakiacha kuikusanya utajuaje? Wewe umejuaje wiki hii, kama si mtu mmoja aliyekaa akatazama takataka mpaka mwisho, akaandika nani alifanya nini, mwaka gani? Waingereza walijaribu njia yako. 1984 wakatunga sheria ya video, serikali ina orodha ya filamu 72 za kutisha. Mashabiki wakaichukua orodha wakaifanya ya kwenda nayo sokoni!

MWANSA: Sijasema nipige marufuku. Nimesema mashine yangu. Na mjomba hakuwa anacheka. Sisi huku sinema ya bei rahisi tuliichukua kwa uzito. Kinshasa miaka ya 1950 vijana waliona filamu za kaoboi wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Wakavaa, wakatembea, wakatunga na lugha yao, Hindubill. Hakuna aliyekaa pembeni kusema "hii ni mbaya mpaka ni nzuri." Ilikuwa nzuri.

KAZADI: Lakini Hindubill yenyewe ni utani mtupu! Mtu anaweza kupenda na kucheka kwa mdomo mmoja. "Simu ni paka." Huo si utani?

MWANSA: Hiyo ni taarifa.

KAZADI: Taarifa?!

MWANSA: Ameona simu. Ni paka. Ameandika. Anayecheka ni wewe.

KAZADI: Wewe umecheka dakika tano nzima, ushahidi tunao kwenye mashine hapa!

MWANSA: Nimecheka, na ndiyo maana nakuambia. Nimejisikia nacheka.

KAZADI: Basi geuza kaye. Nyuma, jalada la ndani. Orodha ya majina na tarehe: fulani amechukua, fulani amerudisha, fulani amerudisha "na mafuta ya mikate". Alikuwa anaazimisha! Alikuwa na wasomaji. Huwezi kuniambia aliandika kwa ajili ya panya.

MWANSA: Majina kumi na moja, nimeyahesabu. Wote walikaa benchi lile. Wakisoma "fundi redio" wanamjua uso. Mwanafunzi wako atamjua nani?

KAZADI: Atamjua mjomba.

MWANSA: Atajua paka tu.

KAZADI: ...

MWANSA: ...

KAZADI: Nampigia.

MWANSA: Mpigie. Swali moja tu: ulikuwa unacheka au hukuwa unacheka. (kimya) Inaita?

KAZADI: Inaita. (kimya) Hapokei.

MWANSA: Paka amesinzia.

KAZADI: Usianze. Usiseme kitu. Na yeye akisema alikuwa anacheka, unapiga fotokopi?

MWANSA: Hapana.

KAZADI: Sasa tunampigia kwa nini?

MWANSA: Wewe ndiye unapiga.

KAZADI: Na akisema hakuwa anacheka, mimi nitakwenda kwa yule wa karibu na posta, ana mashine ya rangi.

MWANSA: Yule anakula kurasa. Atakurudishia kaye tano.

KAZADI: Bora tano zisomwe.

MWANSA: Saba zikae.

KAZADI: Haya. Tumebaki na dakika ngapi?

MWANSA: Jenereta imeanza kukohoa, unaisikia. Esansi ya mwisho. Mambo yangu matatu, Kazadi! La kwanza: chukua karatasi moja ya kawaida, ikunje mara tatu, unapata kurasa nane, halafu kwa mkasi unakata pale kati...

KAZADI: Kati wapi? Upande wa kunjo au upande ulio wazi?

MWANSA: Kunjo. La, ngoja, unaikunjua kwanza. Aa, hili lataka mtu aone kwa macho. La pili...

KAZADI: La pili acha, yaya, taa inafifia.

MWANSA: Na nilitaka kuzungumza juu ya wale waliokuwa maboi wa wazungu hapa hapa mjini, walioandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lushi, kwa Kiswahili chao mwaka 1965, André Yav na wenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa...

KAZADI: Wiki ijayo.

MWANSA: Wiki ijayo utaleta kasha lingine. Simu yako inalia.

KAZADI: Ni yeye! Alo, mjomba! Shikamoo. Salama, mama naye salama. Mjomba, tuko hewani hapa, nina swali moja kuhusu zile kaye za... Ndiyo. Za bluu. (kimya) Chini ya kitanda, ndiyo. (kimya kirefu) Hapana, mjomba. Lilikuwa na kutu. (kimya) Si mimi, mjomba, ni fundi.

MWANSA: (anacheka)

KAZADI: Fundi ni... mjomba, ngoja... Yaya, zima. Zima hiyo mashine.