Mashine nzito kwenye magurudumu ya bei poa: kwanza isimame, ndo itembee

Haya jamani, mlioko mlangoni sogeeni ndani, leo naongelea kitu ambacho mafundi wengi tunakipita tu, nacho ni stendi ya magurudumu ya mashine nzito. Msumeno wa meza, randa, thiknesa (ile ya kusawazisha unene wa mbao), msumeno wa mkanda, drili ya kusimama. Wenye wekshopu ndogo mnanielewa, plaiwudi ya futi 8 inataka futi 8 mbele ya msumeno na futi 8 nyingine nyuma, nafasi hiyo huna, kwaiyo lazima kitu kihame. Na watu wanahamishaje? Wanaburuza! Wawili wanashika meza ya mashine kila mmoja upande wake, wanavuta, miguu inakwaruza sakafu, stendi inapinda, halafu kesho fensi, ule ukingo wa kuongozea mbao, haiko sawa na msumeno na hakuna anayejua kwa nini. Migongo nayo inaumia hivyohivyo.

Msimamo wangu nauweka wazi kabisa. Kazi ya kwanza ya stendi ni kusimama, kutembea inafuata. Mashine inasukumwa dakika chache tu kwa siku, muda mwingine wote imesimama, msumeno unazunguka na vidole vyako viko karibu. Sasa kama ukisukuma mbao na mashine nayo inasogea, hata sentimita moja, hiyo stendi ni hatari bila kujali inateleza vizuri kiasi gani.

Ndo maana sipendi kabisa magurudumu manne yote yanayozunguka, yaani yanayogeuka kila upande kwenye shingo yake, ile sehemu ya juu inayoshikilia gurudumu. Yanavutia ukiwa unasukuma, ila mashine inayumba kila upande na kuinyoosha ni kazi. Funga mawili yasiyozunguka, yanayokwenda mbele na nyuma tu, upande mmoja, mawili yanayozunguka upande wa pili, na hayo yanayozunguka yawe na breki inayokamata vyote viwili, gurudumu na shingo yake. Zipo breki zinazobana gurudumu peke yake, shingo inabaki inacheza, unadhani umefunga kumbe bado mashine inatikisika. Ukiwa dukani ikanyage hiyo breki halafu lizungushe gurudumu kwa mkono, utajua hapohapo.

Kuhusu uzito, wengi wanagawanya kwa nne. Gawanya kwa tatu. Sakafu haijanyooka, kuna muda gurudumu moja linaelea na matatu ndo yamebeba kila kitu. Mashine ya kilo 200 ina maana kama kilo 67 kwa kila gurudumu, kwaiyo mimi nachukua yaliyoandikwa kilo 100 na nalala usingizi. Vigurudumu vidogo achana navyo, kipande cha mbao au kebo tu vinagoma ghafla, na mashine ndefu kama msumeno wa mkanda ikigoma chini huku juu unasukuma inaanguka. Hiyo ipanulie kitako, magurudumu yakae nje ya fremu sio chini yake, mashine ibaki karibu na sakafu, na usukume ukishika chini.

Sasa ile ya bei rahisi kuliko zote, na mimi naona ndo bora kwa mashine nzito. Chomelea fremu ya vyuma vya engo (vyenye umbo la L) inayokamata kitako cha mashine. Weka miguu minne ya bolti, hiyo ndo itakayosimamia siku zote. Upande wenye mota, maana ndo mzito, funga magurudumu mawili yasiyozunguka, yaachane na sakafu milimita 2 au 3 tu mashine ikiwa imetulia. Upande wa pili chomelea kipete, yaani pete ya chuma ya kuingizia ncha ya wenzo. Halafu tengeneza huo wenzo, yaani mkono wa kunyanyulia, wa paipu wenye gurudumu lake, kutoka kwenye ekseli hadi ncha ya kuingia kwenye kipete iwe sentimita 10, mkono wa kushika mita 1. Upande huo ukiwa na kilo 80, wewe unakandamiza kama kilo 8 tu! Mashine inanyanyuka, unaivuta kama mkokoteni, ukifika unaachia, inakaa kwa miguu yake yenyewe. Hamna breki ya kuchakaa. Na wenzo mmoja unahudumia mashine zote, mradi vipete viwe saizi moja.

Huna mashine ya kuchomelea? Plaiwudi ya milimita 18 mbili zilizogundishwa zinatosha kwa mashine za wastani, ila magurudumu yafunge kwa bolti zinazopita hadi ng'ambo, na washa pana (vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya nati), na nati za kujifunga. Skrubu zinang'oka.

Dada hapa mbele anauliza kuhusu urefu, swali zuri sana. Ndiyo, magurudumu ya kukaa chini ya fremu yanapandisha meza sentimita 10 au zaidi, na ukizoea meza ya sentimita 86 utaanza kusukuma mbao mabega yamepanda. Ya pembeni, au ile ya wenzo, inapandisha kidogo mno. Pima kabla hujakata chuma, na kama una meza ya kupokelea mbao nyuma ya msumeno, hiyo nayo uipandishe iwe sawa.

Mwisho, chomoa plagi kwanza ndo usogeze, kila safari, na ufagie njia maana maranda yanajikunja kwenye ekseli na gurudumu linakwama. Ukishafika hakikisha miguu yote minne imegusa sakafu, iliyoning'inia izungushe kwa spana mpaka ikaze, ndo uchomeke.