Tarehe Kwanza, Kifaru Baadaye: Mhadhara kuhusu Kuchagua na Kukamilisha Modeli za Vifaru vya Kijerumani kwa Mchezo wa Vita wa Mezani

Ndugu mwenyekiti, ndugu waundaji na wachezaji wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Wengi wenu mnanifahamu na mnajua nitakaloanza nalo, basi nitaanza nalo bila kuzunguka. Kabla hujalipia seti ya kifaru cha Kijerumani, andika kwenye karatasi tarehe na mahali pa pigano unalotaka kulicheza. Haitoshi kuandika kwamba ni Vita Kuu ya Pili, wala kwamba ni upande wa Mashariki. Andika Normandy huko Ufaransa, Juni 1944, au Kursk, Julai 1943, au Tunisia, mwanzoni mwa 1943. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ununue kifaru gani, cha toleo gani, chenye mabamba gani ubavuni na rangi gani mgongoni. Asiyekuwa nayo ataamuliwa na picha iliyochorwa juu ya boksi, na picha ya boksi mara nyingi ni ya Tiger, kile kifaru kizito mashuhuri.

Hapa sina budi kusema waziwazi, kwa kuwa jambo hili limenichosha. Tiger za aina ya kwanza zilitengenezwa karibu 1,350 tu, kuanzia Agosti 1942 hadi Agosti 1944. Vifaru vya Panther vilikuwa karibu 6,000. Vile vya Panzer IV vilipita 8,000, na StuG III, kile kifaru kisicho na mnara ambacho wachezaji wetu hukipita dukani bila kukitazama, zilizidi 10,000 kwa jumla. Tuchukue Normandy, pigano linalochezwa kuliko yote. Waliopigana huko kwa Tiger ni batalioni tatu: ya 503 ya jeshi la kawaida, na za 101 na 102 za SS, jeshi la chama cha Nazi. Batalioni ya namna hiyo, ikiwa imekamilika kwa mujibu wa orodha yake, ilikuwa na vifaru 45, na kwa kawaida vilivyokuwa tayari kupigana vilikuwa vichache zaidi. Wakati huohuo kila divisheni ya vifaru iliyopangwa kwa utaratibu wa 1944 ilitakiwa kuwa na batalioni moja ya Panther na moja ya Panzer IV. Kwa hiyo askari wa Kiingereza au wa Marekani aliyekutana na deraya ya Kijerumani katika yale mashamba yaliyozungushiwa maboma ya udongo na miti, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na Panzer IV au StuG, ingawa mara nyingi aliripoti kwamba ameiona Tiger. Panzer IV yenye mtutu mrefu na mabamba yaliyouzunguka mnara, ikitazamwa kutoka mbali kupitia majani, inafanana na Tiger kiasi cha kumtia hofu mtu yeyote.

Najua mtakaloniuliza: vipi Villers-Bocage, ule mji mdogo wa Normandy? Ni kweli, tarehe 13 Juni 1944 Tiger chache zilifanya uharibifu mkubwa dhidi ya Divisheni ya 7 ya vifaru ya Uingereza. Lakini someni habari ya siku nzima, msiishie asubuhi. Mchana Wajerumani waliingia tena mjini wakiwa na Tiger pamoja na Panzer IV za divisheni ya Panzer Lehr, na humo katika mitaa myembamba mizinga ya Waingereza iliziharibu Tiger kadhaa. Mwenye kutaka kulicheza pigano hilo kwa haki anahitaji Panzer IV mezani. Wengine husema kwamba huu ni mchezo tu na kila mtu achukue anachokipenda. Mimi nasema mchezo wa vita ni namna ya kuuliza historia swali, na ukipeleka mezani jeshi ambalo halikuwahi kuwapo, jibu utakalolipata halina faida hata likikupa ushindi.

Jambo la pili linalotokana na karatasi ile ni skeli, yaani modeli imepunguzwa mara ngapi kuliko kifaru halisi, na hapa nawaomba mfanye hesabu ndogo. Meza yetu ya kawaida ina urefu wa sentimita 180. Kwa skeli ya 1/56, ambayo huenda na sanamu za askari za milimita 28, meza hiyo ni mita 100 za ardhi. Kwa 1/100 ni mita 180, na kwa 1/285 ni zaidi kidogo ya mita 500. Mzinga wa Tiger ulikuwa na uwezo wa kuua kifaru kwa umbali wa zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo anayeiweka kwenye meza ya mita 100 ameleta silaha ambayo ubora wake mkuu hauna nafasi ya kuonekana. Ndiyo maana shauri langu kwa wa 1/56 ni StuG moja ikisaidia askari wa miguu. Watengenezaji Rubicon na Warlord wote wanazo seti zake za plastiki. Kwa 1/100 nunua platuni ya Panzer IV. Boksi la Plastic Soldier Company lina vifaru vitano na linakupa vipande vya kuunda matoleo kadhaa, na seti za kampuni ya Zvezda hubanwa bila gundi, zikawafaa vijana wanaoanza. Kwa 1/285, ambapo Panzer IV nzima na mtutu wake ina urefu wa sentimita mbili na nusu, unaweza kupanga kombania nzima, na hapo ndipo vita vya vifaru vinapoonekana kwa umbo lake halisi. Skeli ya 1/72 inakaa katikati, ina seti nyingi kuliko zote, na mimi naipenda kwa sababu bado inakubali kazi ya mkono ninayotaka kuizungumzia sasa.

Kazi hiyo ni ya mabamba ya ubavuni, yale Wajerumani waliyoyaita Schürzen. Mniwie radhi nikikaa hapa kwa muda, kwani hakuna sehemu ya modeli inayoharibiwa na watengenezaji na waundaji kwa pamoja kama hii. Agizo la kuyafunga lilitoka mapema 1943. Wengi wenu mnaamini yalikuwa kinga dhidi ya bazuka, na sivyo. Tatizo lilikuwa bunduki za Kisovieti za kupambana na vifaru, za milimita 14.5, ambazo kwa karibu ziliweza kutoboa ubavu wa Panzer III na Panzer IV wenye unene wa milimita 30. Bamba jembamba lililoning'inizwa mbele ya ubavu liliivuruga risasi kabla haijafika kwenye deraya yenyewe. Yale ya ubavuni yalikuwa na unene wa milimita 5 tu, na yale yaliyouzunguka mnara milimita 8.

Sasa pimeni bamba lililomo ndani ya seti yenu. Mara nyingi unene wake unakaribia milimita moja. Kwa skeli ya 1/72 hiyo ni sawa na milimita 72 za chuma, unene unaoukaribia ule wa deraya ya mbele ya Panzer IV Ausf. H (toleo la H) yenyewe, ambayo ilikuwa milimita 80! Jicho linaliona kosa hilo hata pale ambapo mtazamaji hawezi kulitaja. Kifaru kinaonekana kizito na kimekufa. Dawa yake ni rahisi wala haina gharama. Chukueni kopo la soda, mlikate kwa mkasi mkiwa mmevaa glavu kwa sababu kingo zake ni kali, mlinyooshe juu ya kioo, kisha mtumie bamba la plastiki kama kipimo cha kuchorea. Bati la kopo lina unene wa takriban milimita 0.1, ambao kwa 1/72 ni milimita 7 na kwa 1/56 ni chini kidogo ya 6. Huo ndio ukweli tunaoutafuta.

Mtaniambia kwamba bati jembamba litapinda mara mchezaji atakapokishika kifaru. Hilo ndilo jambo jema. Mabamba ya kweli yalipinda, yakachomoka kwenye reli zake, yakapotea. Picha za Normandy zimejaa Panzer IV zilizobakiwa na mabamba mawili au matatu upande mmoja, kwani zile kuta za udongo na mizizi ziliyang'oa. Kwa hiyo msifunge yote. Acheni pengo moja au mawili, pindeni kona ya lile la mbele, na kila kifaru cha platuni kiwe na pengo lake. Anayehofia uimara aweke kipande kinene cha plastiki kwa nyuma, mahali pasipoonekana, kikikalia juu ya kilinda tope, kisha alibandike bati kwa supagluu. Gundi ya kawaida ya modeli haishiki chuma, na rangi ya msingi ni lazima ipulizwe kabla ya rangi nyingine yoyote.

Baada ya mabamba nakuja kwenye lipu ya Zimmerit, nayo ni ya tarehe kuliko kitu kingine chochote. Ilipakwa viwandani kuanzia mwishoni mwa kiangazi cha 1943 hadi agizo la kuisimamisha Septemba 1944, ili bomu la sumaku lisishike kwenye chuma. Panther ya Kursk yenye lipu hiyo ni kosa, na kifaru kilichotoka kiwandani Desemba 1944 kikiwa nayo ni kosa vilevile. Kwa Normandy, kinyume chake, kifaru kisicho nayo ndicho kinachohitaji maelezo. Mchoro wake ulitofautiana kwa kiwanda: Tiger zilikuwa na mifereji ya mlalo, na StuG za kiwanda cha Alkett zilikuwa na vijimraba. Lipu ya kweli ilikuwa na unene wa milimita chache tu, kwa hiyo kwa 1/72 tunazungumzia sehemu ndogo ya milimita moja. Pakeni puti nyembamba, mwagieni maji kidogo juu yake, mkwaruze kwa ncha ya bisibisi ndogo kabla haijakauka. Kwa 1/100 na chini ya hapo iacheni kabisa. Mifereji mnayoichonga kwa skeli hiyo ingekuwa na kina cha kuingiza kidole cha mtu mzima. Mabamba ya ubavuni kwa kawaida hayakupakwa.

Muda unanibana, basi niharakishe. Mchezaji hukitazama kifaru kutoka juu, akiwa amesimama. Nguvu zenu ziwekeni kwenye paa la mnara na sitaha ya injini, si chini ya tumbo ambako hakuna atakayepaona. Fungueni mlango wa kamanda na mweke mtu ndani yake. Toboeni mdomo wa mtutu kwa keekee ya mkono: tundu la milimita 75 ni milimita moja kwa 1/72 na robo tatu ya milimita kwa 1/100. Turubai lililokunjwa litengenezeni kwa karatasi laini ya kupangusia iliyolowekwa gundi nyeupe. Antena ya waya itavunjika au itamchoma mtu. Tumieni unywele wa fagio la nailoni, ambao hupinda na kurudi. Na kwa Normandy wekeni matawi na majani, mengi kuliko mnavyodhani, kwa kuwa ndege za Washirika zilitawala anga na hakuna kifaru cha Kijerumani kilichotembea mchana kikiwa uchi.

Kuhusu rangi, kumbukeni Februari 1943. Kabla yake ni kijivu cheusi, isipokuwa Afrika Kaskazini. Baada yake ni njano iliyofifia, na juu yake kijani na hudhurungi ambazo askari wenyewe walizipokea kama rangi nzito ya kopo, wakaichanganya na maji au petroli na kuipaka kwa walichokuwa nacho. Ndiyo maana hakuna sababu ya vifaru vitano vya platuni moja kufanana madoa. Namba za mnara nazo zina maana: ya kwanza ni kombania, ya pili platuni, ya tatu kifaru. Kwa kuwa Panzer IV kwa kawaida zilikuwa batalioni ya pili ya rejimenti, namba zake huanzia 5 hadi 8, na 523 ni kifaru cha tatu cha platuni ya pili ya kombania ya tano. Panzer IV ya Normandy iliyoandikwa 131 kwa kawaida imevaa namba ya Panther.

Nilikusudia kuzungumzia kwa kirefu magari ya nusu mnyororo, yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma, lakini naona mwenyekiti ananitazama. Niseme hili moja tu: katika divisheni ya kawaida ya vifaru ya 1944 ni batalioni moja kati ya nne za askari wa miguu iliyopanda magari hayo, na waliobaki walipanda malori. Panzer Lehr ndiyo iliyokuwa nayo kwa batalioni zote. Kwa hiyo mwenye kucheza divisheni nyingine, kabla ya kununua boksi la pili la Sd.Kfz. 251, gari la namna hiyo, anunue malori. Nakaribisha maswali, na aliyekuja na modeli yake ailete hapa mbele tuipime mabamba.