Bangili Moja Hailii

RUKIA: Assalaam aleikum, karibuni tena barazani kwetu. Mie Rukia, na huyu mdogo wangu Hamad, ambaye leo uso kaukunja tangu anaingia.

HAMAD: Waaleikum salaam. Nimepewa habari mlangoni, dada, hata viatu sijavua.

RUKIA: Basi na wasikilizaji waisikie. Jumanne nilikwenda kwa sonara, hapa hapa Mji Mkongwe, na bangili za Bibi.

HAMAD: Zile tatu.

RUKIA: Zile tatu. Zimekaa kwenye kopo la biskuti miaka 11, tangu tulipomzika. Mbili nimezitia motoni. Na leo nimeandaa mambo matatu ya kumuuliza sonara kabla hujamkabidhi dhahabu ya zamani, nimeyaandika hapa...

HAMAD: Kabla ya hayo matatu. Iliyobaki ni ipi?

RUKIA: Ile nene, yenye nakshi ya korosho.

HAMAD: Peke yake.

RUKIA: Ngoja nieleze kwanza. Alizipima mbele yangu. Moja gramu 13, ngumu mpaka ndani. Ya pili gramu 14, nikafurahi. Akaigeuza geuza, akaibonyeza kwa kidole, akaniambia, “Hii ina utupu, bibi.” Akaikata kwa msumeno mdogo. Ndani lakiri, Hamad, ile gundi ngumu kama nta! Nyeusi, imeshikana kama halua iliyoungua. Dhahabu yenyewe gramu 9 tu.

HAMAD: Gramu 5 za lakiri?

RUKIA: Gramu 5. Na haikuwa hila. Ndivyo zilivyotengenezwa nyingi za zamani, bati jembamba la dhahabu, ndani linajazwa ili lisibonyee. Sasa nikaelewa kwa nini ile moja mlio wake ulikuwa mbali na wenzake.

HAMAD: Ule mzito.

RUKIA: Kama kijiko kwenye kikombe kilichojaa.

HAMAD: Unaona sasa? Alfajiri tumelala sebuleni, Bibi yuko ukumbini juu ya mbuzi anakuna nazi. Kru, chaka. Kru, chaka.

RUKIA: Haikuwa chaka. Ilikuwa king', king', halafu ile ya lakiri, dup.

HAMAD: Chaka, dada. Mie ndiye niliyekuwa nalala karibu na mlango.

RUKIA: Wanaotusikiliza wanamjua Bibi tangu kipindi cha urojo, wao waamue.

HAMAD: Na akikasirika je?

RUKIA: Subhanallah. Anazipandisha karibu na kiwiko, zinabana, kimya. Bangili zikinyamaza, kofi liko njiani.

HAMAD: Mie nilikuwa nakimbia kwa kusikia kimya! Na siku ya Idi anazishusha zote, anatembea mkono umelegea makusudi, jirani ajue anapita. Mtu wa kwanza kumsikia ni yule muuza kahawa wa pembeni, anaanza kumimina kabla hajamwona.

RUKIA: Na akitusuka nywele. Zinapita sikioni, za baridi, mpaka usingizi unakuja.

HAMAD: Sasa huo mlio uko wapi? Bangili moja hailii.

RUKIA: Ndani ya kopo ulikuwepo?

HAMAD: Ulikuwa unaweza kurudi. Siku yoyote mtu angezivaa.

RUKIA: Nani? Zilikuwa za mkono wa Bibi. Mie hata kwa sabuni haziniingii. Wanangu watatu, bangili tatu zisizolingana uzito, mmoja angepata ya lakiri. Sasa kuna pete tatu, kila moja gramu 5, na nakshi ileile ya korosho. Sonara aliinakili kutoka kwenye ile nene, ndiyo maana nikaibakisha. Mwanangu mdogo hajaivua tangu Alhamisi, hata akiosha vyombo.

HAMAD: Pete unaweza kununua popote. Ile kazi ya mkono, kuzungusha bati na kulijaza bila mshono kuonekana, nani anaifanya leo?

RUKIA: Furungu za fedha, zile bangili za miguuni unazozisifu kila siku, unadhani fedha yake ilitoka wapi? Masonara wa pwani waliyeyusha reale, zile sarafu za Maria Theresa zenye mwaka 1780, hata zilizopigwa muda mrefu baadaye zina mwaka huohuo. Wangezihifadhi zote, furungu usingeiona.

HAMAD: Reale ni pesa, dada. Hakuna aliyesukwa nywele na reale.

RUKIA: ...

HAMAD: Sisemi umefanya dhambi. Ungenipigia simu, nikaja na simu yangu nikarekodi. Dakika moja tu, zote tatu pamoja.

RUKIA: Hilo sikulifikiria. Lakini kuziyeyusha, ningeziyeyusha tu.

HAMAD: Na mie ningekuzuia tu.

RUKIA: Haya. Ile dhahabu, Hamad, ungeiona ndani ya kile kibakuli. Kanyunyiza unga mweupe, uchafu ukakimbilia pembeni, katikati ikabaki tone linalotetemeka, kama kiini cha yai. Moto wake unapita nyuzi 1,000. Nilisoma Fatiha kimyakimya.

HAMAD: Karati?

RUKIA: Alisugua kwenye jiwe akatia tindikali. Bangili zilikuwa 22, baada ya kuyeyuka imeshuka kidogo, kwa sababu ya lehemu ya kuungia, ile ina dhahabu pungufu. Hilo ndilo jambo la pili kwenye karatasi yangu, kwamba...

HAMAD: Tumebakiwa na dakika mbili.

RUKIA: Mbili! La kwanza nimelisema katikati, apime mbele yako. La tatu ni masalio. Mie nimerudishiwa gramu 6 na ushei kwenye karatasi, ila jinsi ya kuyahesabu na ujira... hapana, hayatoshi. Wiki ijayo, inshallah.

HAMAD: Ile nene umekuja nayo?

RUKIA: Iko mkobani.

HAMAD: Na pete yako?

RUKIA: Yangu sina, Hamad. Ni za watoto.

HAMAD: Basi itoe bangili. Nina funguo hapa.

RUKIA: Funguo na bangili ya Bibi? Haya, polepole, usiichubue. Sogeza maikrofoni.

HAMAD: ...Chaka.

RUKIA: King'.